Chumvi ya Mzee Wahab

Masese, Jinja
14 Juni

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalam aleikum warahmatullah. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, na safari hii nauliza kwa kutaka kujua, si kwa adabu tu. Umeamkaje? Kichwa bado kinagonga? Miguu bado inavimba jioni? Sisi huku hatujambo. Baba Shamira anakusalimu, Shamira na Bruhan wanakusalimu babu yao, na dagaa wangu wa mukene wanakauka vizuri maana jua la ziwani halijatutupa.

Barua hii nimempa Enos, yule dereva wa lori la sukari anayekuja Mbale kila wiki. Nimeona tuandikiane, kwa sababu wewe ukipokea simu unafungua sauti yote, na Gorreti jirani yako anajibu kabla yako. Siku ile nilipokuuliza habari za mkojo wako, kesho yake nusu ya mtaa wako wa Nabuyonga ilikuwa inakuombea dua.

Sasa tuzungumze. Idd ya kuchinja nilikupeleka kliniki kwa Sister Nafuna, akakupima mkono wa kulia, akatazama mashine, akakupima na wa kushoto kana kwamba wa kwanza umedanganya. Presha iko juu. Alisema dawa unywe kila siku bila kuruka, na zaidi ya dawa ubadilishe maisha ya pale nyumbani. Na tulikubaliana, Baba, usije ukasahau kwa makusudi. Mwisho wa Agosti anakupima tena. Ikiwa imeshuka, unabaki Nabuyonga na cherehani yako. Ikiwa haijashuka, unahamia kwangu. Chumba nimeshakipaka chokaa.

Chumvi punguza, na usiniambie umepunguza huku kibakuli kiko mezani. Chai yako ina vijiko vitano vya sukari, nilikuwa nakuangalia. Maji unywe, namaanisha maji, si chai. Mboga za majani, dodo na nakati, huko kwenu zinaota mpaka mtaroni, basi zipikwe kila siku. Lala mapema, ushushe chandarua, na lile dirisha uliloliziba kwa gunia tangu mvua za zamani lifunguliwe hewa ipite. Kubwa kuliko yote, tembea. Wewe ni fundi cherehani, umekaa kwenye kiti kile barazani tangu sijazaliwa, na kazi ya miguu yako ni kukanyaga pedali. Asubuhi na jioni zunguka mtaa.

Najua utanung'unika. Mgonjwa haulizwi uji.

Binti yako,
Kadija


Nabuyonga, Mbale
23 Juni

Mwanangu Kadija, jina la mama yangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako imenifikia ikinuka samaki, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Mimi mzima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima akinywa chai isiyo na sukari. Ninyi je? Mkwe wangu hajambo? Wajukuu wanasoma, au wanasoma simu?

Kwanza nikukumbushe kwamba wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Hawakusema hushusha presha. Lakini tumekubaliana, na mimi Masese siendi kuishi. Nyumba yako siikatai, mwanangu, na chokaa nakushukuru. Lakini hapa nilizaliwa, hapa nilimwoa mama yako, hapa mtu akichanika suruali anajua aende kwa nani. Huko nitakuwa babu wa chumba cha nyuma, anayeulizwa kama ameshakula. Kwa hiyo nimetembea.

Nilitoka Jumatatu na futi yangu ya kupimia shingoni, maana bila ile futi najiona nimetoka uchi. Sijafika kwenye kona, Gorreti akanifuata mbio na unga mikononi.

"Mzee, nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa.

"Sasa we naenda wapi?"

Siendi popote, nikasema, natembea tu. Akanishika mkono. "Pole, Mzee. We sema tu. Ni mutu ya kwenu?"

Si kosa lake. Miaka yote hii natoka barazani kwa mambo mawili, Ijumaa na msiba, na siku ile haikuwa Ijumaa. Nilipomweleza kwamba ni kwa ajili ya afya alinitazama kwa huruma, akarudi kuwaambia wenzake kwamba nimeanza kuchanganyikiwa.

Halafu kuna salamu. Huwezi kupita mlangoni kwa mtu bila kusalimia, na ukisalimia lazima uulize wagonjwa, na ukiuliza wagonjwa unawekewa kiti, na kiti huja na chai. Nilikwenda kushusha presha, nikarudi nimekunywa chai mtaa wa chini wote, na kila nyumba inajua Wahab anapenda sukari. Kwa Hajat Faridah niliongezewa mikate myembamba ya gurusa, ya moto, yenye asali. Ungekataa wewe?

Na futi nayo imeniletea mambo. Unamkumbuka Ojwang wa gereji, aliyesogeza ua wake mpaka ukameza nusu ya njia? Aliniona nimesimama pale napumua, futi shingoni, akatoka na mikono ya grisi. "Mzee, hii fensi naitoa leo leo. Usiandike kitu." Sikuwa na kalamu wala nia ya kuandika. Jioni ua ulikuwa umetoka, na sasa kina mama wanapita na ndoo zao bila kujibana. Wamenishukuru, nami sijui walichonishukuria.

Malewa, yale machipukizi ya mianzi, nimeyajaribu bila chumvi. Ni kama kutafuna kikapu. Na nishauri hili: nifanye nini na vilivyomo ndani? Enos kila akija ananiachia mfuko wa sukari kama salamu zake, na chumvi ninayo gunia, lile ulilonijazia mwenyewe wakati wa korona ukidhani dunia inaisha.

Baba yako,
Wahab


Masese, Jinja
2 Julai

Baba yangu,

Natuma salamu nyingi, na swali lile lile la afya yako, nalo lisikuchoshe. Sisi wazima, ila Bruhan ameanguka kwenye mawe ya ufukweni akapasuka goti. Amewekewa bandeji na sasa anajiona shujaa.

Nimecheka barua yako mpaka wateja wangu wakadhani samaki wamepanda bei. Lakini sikiliza. Ukikaribishwa chai, omba maji. Hakuna Mwislamu wala Mkristo atakayemnyima mzee maji. Ukitaka cha moto, mchaichai umejaa nyuma ya choo chako, chemsha na tangawizi, kunywa hivyo hivyo. Na yule muuza chupa pale sokoni, anayetibu presha, jino na wivu kwa chupa moja, mpite bila kumsalimia. Huyo nakuruhusu.

Sukari na chumvi zitoke nyumbani. Zote. Mkono haufiki kwenye kitu ambacho hakipo. Gawa kwa majirani, uhesabu ni sadaka.

Unaniona nakuamrisha kama mtoto, na mimi sipendi, Baba. Lakini siku Mama alipoanguka jikoni nilipigiwa simu asubuhi, na nilipofika alasiri mlikuwa mmeshamzika. Ndiyo sheria yetu, simlaumu mtu. Nilikuta udongo mbichi na watu wanakunja mikeka. Wakanipa maji ya kunywa, wakaniambia subira. Tangu siku hiyo simu ikilia asubuhi naogopa kuipokea. Sitaki kufika tena namna ile. Nikuone hapa, nikusikie unakohoa chumba cha pili, basi.

Tembea, tafadhali.

Binti yako,
Kadija


Nabuyonga, Mbale
19 Julai

Mwanangu Kadija,

Nakusalimu kwa salamu ya amani. Goti la shujaa limepona? Mwambie babu yake aliwahi kujishona kidole kwenye kola ya mwalimu mkuu na hakulia mpaka mwalimu alipoondoka.

Lile la mikeka sikulijua. Nilikuwa nimekaa na majonzi yangu, sikukuona umeingia mlango gani. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaichukua tena. Basi sikubishi tena kuhusu kutembea. Nabisha kuhusu kuhama tu.

Nimefanya ulivyosema. Nilikuwa na mabaki ya kitambaa cha zambarau, cha sare za shule, nikayakata vipande, nikafunga chumvi kipande hiki na sukari kipande hiki, vifundo vizuri vya fundi, nikavibeba kwenye kikapu katika matembezi yangu ya jioni. Kila nyumba nilisalimia, nikauliza wagonjwa, nikaomba maji, nikaacha vifundo viwili. Mwanangu, sijawahi kupokelewa hivyo. Kina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja ambaye hatujaongea naye tangu nilipomfupishia kanzu alinikumbatia. Nakisige, yule bibi anayeishi peke yake karibu na kisima, akauliza, "Na sabuni, Mzee?" Nikamwambia sabuni tutaona.

Watu wa Nabuyonga ni wema, sikuwa nikijua kwa sababu nilikuwa nimekaa.

Habari nyingine za mtaa ni ndogo. Mwenyekiti wetu wa mtaa, yule wa LC wani, amehamia Tororo kwa watoto wake, na mwezi ujao watu watachagua mwingine kwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Anataka Maxwell, mwenye duka la simenti, na anataka Ketty wa saluni. Mimi siasa sina habari nayo. Lakini Maxwell amenitembelea, jambo ambalo hajafanya tangu ahamie. Alikaa kwenye kiti cha wateja akafuta jasho. "Mzee, tuongee kama wanaume," akasema. "We nataka nini?" Nikamwambia nataka kuishi tu. Akatoa kwenye koti mfuko wa chumvi na mfuko wa sukari, akavisukuma kwangu. Nikavirudisha. Nikamwambia vitu hivi nimeviacha, vinaua watu, na yeye kwa tumbo lile avitazame vizuri. Aliondoka ameinamisha kichwa. Nadhani ana presha.

Afya yangu inatengemaa. Dirisha limefunguliwa, nalala mpaka alfajiri. Dodo nimeizoea. Suruali nimeipunguza kiuno mara ya pili, na hiyo nimejishonea bure.

Baba yako,
Wahab


Masese, Jinja
26 Julai

Baba,

Assalam aleikum. Natumaini hujambo, na natumaini umekaa, kama hujakaa kaa.

Enos ameshusha mzigo Mbale, akarudi akaniambia, "Dada, hongera, Mzee anasimama." Nikamuuliza anasimama wapi. Akasema duka zima lilikuwa linamzungumzia Mzee wa Chumvi, mwenyekiti mtarajiwa.

Umezunguka nyumba kwa nyumba msimu wa uchaguzi. Umeuliza wagonjwa. Umemwondolea Ojwang ua wake barabarani. Umegawa chumvi na sukari, Baba, chumvi na sukari, zimefungwa kitambaa cha rangi moja, na alipokuja mpinzani kukuhonga ukamfukuza. Kuna mbunge gani aliyefanya kampeni nzuri kuliko hiyo? Mkono mtupu haulambwi, na wako wameulamba mpaka kiwiko.

Kosa ni langu niliyesema gawa. Lakini unajua maisha ya mwenyekiti wa LC wani? Mbuzi akila mahindi, mwenyekiti. Mume akimfungia mke nje, mwenyekiti. Barua ya mhuri, mpaka wa shamba, kuku aliyepotea. Mtu mwenye presha yako atamaliza mwaka? Watakuua kwa kukupenda.

Nakuomba, kaa ndani mpaka uchaguzi upite. Tembea uani, zunguka cherehani. Ukichaguliwa sitangoja Sister Nafuna, nakuja na Enos nakupakia.

Binti yako mwenye wasiwasi,
Kadija


Nabuyonga, Mbale
4 Agosti

Mwanangu,

Salamu ni nyingi, karatasi ni ndogo, maana kuna watu saba barazani wananingoja.

Nimekana. Nimekana msikitini, nimekana kisimani, nimekana kwa Gorreti, ambako ukikana umekana Mbale nzima. Wananijibu kwamba mgombea mwema siku zote husema hataki. Hajat Faridah, mtu mzima mwenye akili zake, amenitazama machoni akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nilijaribu kutembea uani. Nilizunguka cherehani mpaka nikapata kizunguzungu, na watu waliponikosa njiani wakaja kuniangalia, na walipokuja wakakaa, na walipokaa wakaleta kesi. Nimeshaamua juu ya kuku wawili. Sikutaka, lakini yule wa pili jibu lake lilikuwa wazi kabisa.

Nimerudi njiani, angalau kesi za njiani ni fupi. Usije na Enos. Nimepata njia. Siku ya uchaguzi, mbele ya macho ya kila mtu, nitakwenda kupanga mstari nyuma ya Maxwell. Wakiniona kwenye mstari wa mwingine watajua mimi si mgombea, na yatakwisha.

Baba yako,
Wahab


Nabuyonga, Mbale
30 Agosti

Mwanangu Kadija,

Assalam aleikum. Hujanijibu barua yangu ya mwisho, nami sikulaumu, nadhani umekasirika. Wajukuu wasalimie. Hali yangu utaisikia mwishoni, nataka kwanza ucheke.

Uchaguzi ulikuwa juzi, uwanja wa shule. Niliunganisha na matembezi yangu ya asubuhi, kwa hiyo nilifika mapema kuliko wote, nikasimama karibu na mlingoti wa bendera kupumzisha miguu. Nilipogeuka, Gorreti alikuwa mgongoni kwangu. Nyuma ya Gorreti, Hajat Faridah na mkongojo. Nyuma ya Hajat, Ojwang na gereji yote, na Nakisige ameshika kifundo chake kitupu cha zambarau.

Msimamizi aliyetoka manispaa akatazama karatasi zake. "Mzee, jina lako hakuna hapa."

"Ndiyo," nikasema, "mimi napumzika tu."

"Na hii watu?"

Nikasogea mpaka kwenye goli. Mstari ukasogea. Nikarudi kwenye bendera. Mstari ukarudi. Maxwell alikuwa amesimama na mke wake, shemeji zake wawili na watu wenye deni la simenti. Ketty alikuwa na saluni yake, nusu yao vichwa havijamalizwa kusukwa. Msimamizi akapiga filimbi akasema mistari inakaribia kufungwa. Basi nikatimiza nilichokuandikia, nikaenda nikasimama nyuma ya mtu wa mwisho wa Maxwell.

Nao wote wakaja nyuma yangu.

Mstari wa Maxwell ulitoka nje ya geti la shule, ukapita kwenye kibanda cha chapati, ukapinda. Msimamizi alihesabu mpaka sauti ikakauka. Wengi wao hawakujua wanampigia nani, walijua wako na mimi. Maxwell alilia. Alinikumbatia na lile tumbo, kisha wakanibeba mabegani, mtu wa umri wangu, na ngoma ikaanza. Akiwa bado analia alitangaza kwamba jambo lake la kwanza kama mwenyekiti ni yeye na mtaa wote kutembea na Mzee kila asubuhi. Nilifikiri ni maneno ya siasa. Leo alfajiri alikuwa mlangoni na viatu vya mpira.

Sasa la pili. Jana ilikuwa siku yetu kwa Sister Nafuna. Alinipima mkono wa kulia, akanipima wa kushoto. Iko juu, mwanangu, karibu pale pale pa Idd. Alisema, "Mzee, we umebebwa mabegani jana tu, rudi wiki ijayo ukiwa umetulia." Lakini sisi hatukusema wiki ijayo. Tulisema mwisho wa Agosti, na wewe umetimiza yako, chumba umekipaka. Ahadi ni deni.

Cherehani nimeitia mafuta nikaifunga kwenye blanketi. Sitakuficha, nililia kidogo nilipokuwa nakaza kamba. Nimekaa pale tangu nikiwa kijana na nilidhani nitatolewa pale nikiwa nimelala. Lakini sitaki ufike tena ukute mikeka inakunjwa. Hilo limeniuma kuliko kuhama.

Njoo na Enos Jumamosi ijayo. Nitakuwa tayari.

Baba yako,
Wahab


Masese, Jinja
7 Septemba

Baba yangu mpenzi,

Assalam aleikum warahmatullah. Hali yako siulizi leo, maana nimeiona.

Najua jana ulikaa barazani na mizigo yako mpaka jua likazama, na hukuona mtu. Nisamehe. Nilikuja. Tulifika na Enos jua linachomoza, lori likasimama mbele ya nyumba, nikateremka nikabisha hodi. Mlango umefungwa kwa nje. Nikaenda kwa Gorreti, umefungwa. Kwa Hajat Faridah, umefungwa. Nikatazama mtaa wote, Baba, na hakukuwa na mtoto wala moshi. Unajua mtaa huwa hivyo lini. Nikajua wako makaburini wanakuzika. Nikakaa chini mlangoni kwako kwenye vumbi. Enos alikuwa ananiambia "Dada, tulia," na mimi nilikuwa nawaza kwamba safari hii nimechelewa hata mikeka.

Ndipo nikasikia sauti yako. Ulikuwa unamfokea Ojwang anyanyue miguu.

Mkatokea kwenye kona, wewe mbele na futi shingoni, Maxwell nyuma yako ametota jasho, na nyuma yake nadhani Nabuyonga nzima, wengine na kanga za kulalia. Nilijificha nyuma ya lori. Sijui kwa nini. Nilikuwa nalia na sikutaka unione. Mkasimama kwenye njia panda, na nikakusikia unauliza, "Nakisige yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Nilidhani mtaulizana kidogo, kila mtu aende kupika chai yake. Hamkwenda. Mligeuka wote, wazee na mkongojo na mwenyekiti na kila mtu, mkarudi mpaka kisimani kumgongea mlango. Nikamwona anatoka amejifunga blanketi, amelala kupita kiasi tu, na watu wote wanamgombeza kwa furaha.

Nikapanda lori nikamwambia Enos twende akashushe sukari yake, turudi Jinja. Kutomsalimia baba ni utovu wa adabu, najua, lakini ningekusalimia ungepanda lori. Ahadi zako nazijua.

Baba, mimi natoka Masese alfajiri kwenda kuanika mukene, watoto shule, baba yao kazini. Ungeanguka ndani ya kile chumba nilichokipaka chokaa, ningekuta jioni. Hapo Nabuyonga usipotoka asubuhi moja, watu wote wale watakuwa mlangoni kwako maji yako ya mchaichai hayajachemka. Nilitaka nikuweke karibu na mtu. Sikujua umeshajiweka karibu na mia.

Rudi kwa Sister Nafuna ukiwa umetulia, na dawa usiruke hata siku moja. Chumvi sitaki kuisikia. Maxwell akitaka kukubeba tena mwambie binti yako amekataza.

Fungua mizigo, Baba. Anza na cherehani.

Binti yako,
Kadija